Gwaride la Taratibu na Pumzi ya Mzee Ngonyani

Wiki nzima kabla ya mahafali ya Mikumi nilikosa usingizi kwa sababu ya swali moja: ile machi tuipige kwa mwendo gani? Ikipigwa taratibu, kama ilivyoandikwa, Mzee Ngonyani, mpulizaji wetu mkongwe, hamalizi mstari wake. Pumzi inamwishia njiani. Ikipigwa haraka anamaliza, lakini hapo si machi tena, ni mchakamchaka wa shule ya msingi. Wenzangu hukosa usingizi kwa ajili ya kodi ya nyumba au wachumba. Mimi nililala chali nikigonga mapigo kwa kidole juu ya tumbo.

Naanza na hilo ili ninyi mnaoshika bendi baada yangu msije mkadhani kazi hii ni ya kupunga mikono. Machi, kwa wale wapya, ni muziki wa gwaride. Mazoezini tunaiita hivyo hivyo, ingawa kila mwaka hutokea mtu akauliza kwa nini tunaipiga Novemba.

Nastaafu nikiwa na miaka ishirini na nane. Neno hilo si langu, ni la Bakari, mpiga ngoma wetu kubwa, aliyewatangazia watu wote kwamba "Madam anastaafu". Ukweli ni kwamba ajira ya ualimu imetoka na nimepangiwa shule ya mkoa mwingine. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitasahau nusu, na ile nusu nyingine nitaomba radhi kwa kuisema.

Siku ya kwanza nilifika kwenye banda la bati la mazoezi, karibu na reli, mapema mno. Nikazunguka nje ili nionekane nimefika kwa wakati. Nilikuwa nimerudi Kilosa kwa mama yangu na shahada ya muziki na vyeti vyangu ndani ya faili la plastiki, na nilikuwa nimelibeba lile faili kana kwamba kuna tarumbeta ambayo ingeomba kuona matokeo yangu. Chuoni nilipiga fidla. Vyombo vya kupuliza nilivishika muhula mmoja tu, tena kwa mitihani.

"Shikamooni," nikasema mlangoni.

"Marahaba." Aliyeitikia alikuwa mzee aliyekaa juu ya kreti ya soda, baritoni mapajani. Baritoni ni tarumbeta nene inayokumbatiwa kifuani kama mtoto aliyelala. Sauti yake hukaa chini ya tarumbeta za kawaida na juu ya besi. "Wewe ndiye uliyesomea muziki?"

"Ndiyo, mzee."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Na hukuchoka?"

Wakacheka wote. Bakari, ambaye kazi yake nyingine ni bodaboda, akauliza, "Madam, huko chuo wanafundisha kupiga ngoma?"

"Wanafundisha nadharia ya mapigo."

"Poa. Basi wewe beba nadharia, ngoma nabeba mimi."

Niliporudi nyumbani niliirudia ile salamu kichwani, nikijiuliza kama sauti yangu ilikuwa ndogo mno au kubwa mno. Miezi baadaye nilimwuliza Bakari. Hakukumbuka kama nilisalimia.

Kuhusu vifaa, yashikeni haya. Vali, vile vitufe vya kubonyeza, zikigoma, tumieni mafuta ya cherehani, matone machache. Mafuta ya kula yananata na yanaita mende. Kizibo cha tundu la mate kikipotea, kateni kipande cha kandambili, kinakaa vizuri kuliko kile cha dukani. Kengele ya tarumbeta, ule mdomo mpana wa mbele, ikibonyea, mpelekeeni fundi anayenyoosha bodi za magari, lakini simameni hapo hapo anapogonga, maana hajui kuacha. Nota hubanwa kwa vibanio vya nguo, viwili kwa kila karatasi, na siku ya upepo vinne. Na kabla ya shughuli msimruhusu mtu kula karanga. Niliwahi kuona punje ikitoka kwenye tarumbeta katikati ya ibada, ikaruka mpaka kwenye kofia ya mama mmoja wa kwaya.

Mzee aliyeniuliza kama sikuchoka ndiye Mzee Ngonyani. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge. Yeye mwenyewe alizaliwa kambini, akasoma shule ya misheni iliyokuwa na bendi, kisha akafanya kazi reli mpaka alipostaafu kwa namna ya kawaida, yaani akiwa na mvi. Ameozesha nusu ya wilaya hii kwa baritoni, Waislamu kwa Wakristo. Alinifundisha kwamba mwendo hauanzi kwenye karatasi. "Usitazame uso wa bibi harusi," alisema. "Uso kila mtu anautazama. Wewe tazama viatu." Viatu vipya vyenye visigino virefu kwenye uwanja wa vumbi vinapunguza mwendo kuliko huzuni yoyote.

Siyo kwamba kila alichosema kilikuwa sahihi. Ule ufunguo, yaani ngazi ya sauti za wimbo, tuliousoma chuoni kwa jina la maina, yeye aliuita ufunguo wa msiba, na aliapa kwamba ukipigwa harusini ndoa haimalizi mwaka. Nikamwonyesha, nota kwa nota, kwamba wimbo anaoupenda kuliko nyimbo zote za harusi uko kwenye ufunguo huohuo. Akaupiga tena kimya kimya, akafikiri. "Huu ni wa siku nyingi," akasema. "Umeshazoea."

Nimekutana na shughuli ngumu. Ya Dumila siisahau. Tulikuwa juu ya pikapu tukisindikiza maharusi kupita pale njia panda, mabasi yakipiga honi, wauza vitunguu na nyanya wakikimbilia madirishani. Dereva wetu alipoona nafasi alikanyaga mafuta. Pikapu ikaruka, Bakari akaruka, ngoma ikaenda na Bakari, na wimbo wa kuingia kwa heshima ukageuka wimbo wa kukimbia deni. Bwana harusi kwenye gari la mbele akatoa kichwa nje kuona nani anamfukuza. Tangu siku hiyo namweleza dereva mwendo kabla ya kuwaeleza wapuliza tarumbeta. Ninyi fanyeni vivyo hivyo.

Sasa Mikumi. Chuo kimoja cha hoteli huko kilituita kwa ajili ya mahafali. Mkuu wa chuo alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya mtu anayetangaza kuondoka kwa treni. Alinitumia muziki kwa WhatsApp, kisha akapiga simu kabla sijamaliza kuusikiliza.

"Madam, umeusikia? Nautaka huo huo. Na uende taratibu hivyo hivyo."

"Huu ni wa okestra nzima, Mkuu. Sisi tuko kumi na wawili."

"Mtajibana. Mwaka jana wahitimu wangu waliingia wakitingisha mabega mbele ya mgeni rasmi. Mwaka huu watatembea. Nimewaambia, atakayetingisha bega anarudi mwanzo wa mstari."

Ilikuwa machi ya zamani, ya Ulaya. Nilipowaambia hivyo mazoezini, Bakari akauliza ni Ulaya ipi, hii ya kijiji cha kwenye njia ya Mikumi au ile nyingine. Nikawapigia kwenye spika ndogo. Inaanza kwa milio mizito, mitatu, kama mtu anayebisha hodi na hana mpango wa kuondoka. Kisha fidla zinaingia na shughuli nyingi. Halafu vurugu inatulia, na katikati unakuja wimbo mpana, sauti ya chini, usio na haraka hata kidogo. Unatembea kama watu wanaojua kwamba shughuli haitaanza bila wao. Hapo kwenye ule wimbo wa katikati, Bakari aliegemeza ngoma ukutani akasogelea spika.

Mzee Ngonyani akasema, "Hiyo ni baritoni."

Kwenye okestra haikuwa baritoni. Lakini alikuwa sahihi kwamba kwetu hakuna chombo kingine cha kuubeba. Nikaandika nota zake usiku huo nikiwa na furaha ambayo huwa naiogopa.

Okestra iliupiga kwenye ufunguo wa D, ambao fidla zinaupenda na tarumbeta zetu zinauchukia. Nikaushusha mpaka B flati. Ung'avu ulipungua kidogo, uzito ukaongezeka, na kwa kweli ulitupendeza zaidi. Kisha tukaupiga kwa mwendo wa Mkuu wa chuo, na hapo ndipo tatizo lilipojitokeza.

Masika yaliyopita Mzee Ngonyani aliugua kifua. Alilazwa, akapona, akarudi, na kwenye nyimbo za harusi hakuna aliyeona tofauti, kwa sababu nyimbo zetu zina mistari mifupi. Mstari wa ile machi ni mrefu. Unapanda, unapanda, na kabla tu ya kufika kileleni pumzi yake ilikatika. Alivuta hewa kwa sauti, akaingia amechelewa, na kilele kikampita. Tukarudia. Ikakatika palepale.

"Vumbi," akasema, akifuta mdomo wa baritoni. Hakukuwa na vumbi.

Nikajaribu kila kitu nilichofundishwa. Nikaushusha ufunguo zaidi ili asipande sana, ikawa mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu nota za chini kwenye baritoni zinakula hewa nyingi. Nikaupandisha, hewa ikatosha, lakini midomo ikamchoka, na ule wimbo mpana ukang'aa kama tangazo la sabuni. Nikaongeza mwendo kidogo, kisha kidogo tena. Alimaliza mstari vizuri kabisa, ila sasa wahitimu wangeingia ukumbini kama waliosikia chakula kinakwisha. Mwendo, ufunguo na hali ya wimbo havitembei peke yake. Ukivuta kimoja, vingine viwili vinakuja. Nilikuwa nimeandika insha nzima kuhusu jambo hilo chuoni, lakini insha ile haikuwa na mgonjwa wa kifua ndani yake.

Nilimwambia tumpe mtu wa kumsaidia, wapige wawili, mmoja akivuta pumzi mwingine anashikilia, kama kwaya zinavyofanya.

"Wapi umeona mtu anasaidiwa kuongea?" akaniuliza.

Alipotangulia kuondoka siku hiyo, wengine walibaki. Jofrey, tarumbeta wa kwanza, fundi simu wa stendi, alijifanya anasafisha vali. Alikuwa amefundishwa na Mzee Ngonyani mwenyewe na hakutaka kuwa wa kwanza kusema. Akasema Bakari.

"Madam, tuongee ukweli. Mzee awe mshauri."

Kwa wageni: mshauri wa bendi ni mtu anayepewa kiti cha plastiki na soda ya kwanza, na hapigi tena. Tumekuwa na washauri wawili. Wote waliacha kuja mazoezini ndani ya muda mfupi.

"Ama uongeze spidi tu," Bakari akaendelea. "Mikumi wenyewe wanataka kucheza."

"Mkuu wa chuo hataki."

"Basi Jofrey achukue ule wimbo. Anaujua wote."

Nikamtazama Jofrey. "Unaujua?"

"Nimeusikia mara nyingi, Madam," akasema, akiwa anaangalia vali.

Nikafanya kile watu wenye wasiwasi hufanya: sikuamua. Nikamnakilia Jofrey nota za baritoni, nikamwambia akae tayari. Tukifika katikati, Mzee akizidiwa, mimi nitamtazama yeye Jofrey, naye ataingia. Nilijiambia huo ni mpango wa dharura. Nilijua fika kwamba ni namna ya kumwachia mtu mwingine uamuzi, hata kama mtu huyo ni pafu.

Asubuhi ya mahafali tulikodi Noah mbili, ngoma ikatangulia na kirikuu, kile kipikapu cha mizigo. Tulipita Masanze watu wakiwa mashambani, wakatupungia wakidhani tuna harusi. Mzee Ngonyani alikaa pembeni yangu, baritoni kwenye mfuko wa turubai. Tulipokiacha kijiji cha Ulaya nyuma yetu, akanigeukia.

"Umempa Jofrey nota zangu."

Sikuuliza amejuaje. "Ndiyo, mzee. Endapo tu."

"Endapo," akarudia. Hakuwa na hasira. "Ni vizuri, bendi isianguke. Ila nikuambie mapema usije ukashangaa. Akiingia kwenye mstari wangu mbele za watu, mimi nitashusha chombo. Na sitakipandisha tena, si leo tu. Kitakuwa chake."

"Mzee, hakuna anayetaka hivyo."

"Najua. Washauri wote hakuna aliyewataka hivyo."

Nyuma yetu Jofrey alimwuliza dereva kama redio inafanya kazi. Haikuwa ikifanya kazi.

Chuo kiko karibu na hifadhi, na nyani walikaa juu ya ukuta kama wazazi waliowahi viti. Mkuu wa chuo alikuwa amepanga wahitimu kwa urefu, majoho yamepigwa pasi, kila mmoja amekatazwa bega lake. Akanijia. "Taratibu, Madam."

"Taratibu, Mkuu."

Tukaanza. Ile milio mitatu mizito ikatoka sawasawa, mpaka nyani wawili wakashuka. Kisha sehemu ya shughuli nyingi, ambayo Jofrey aliipiga vizuri sana. Wahitimu wakaanza kuingia, mguu, mguu, na kwa kweli walipendeza. Nikatazama viatu. Mwendo ulikaa.

Halafu wazazi wakafanya kile ambacho wazazi wa huku hufanya siku zote na ambacho mtunzi wa machi ile hakuwahi kukiona: waliingia kwenye mstari na mashada ya maua ya plastiki kuwavisha watoto wao. Mama mmoja alikuwa na mashada matano kwa shingo moja. Mstari ukasimama. Kwa hilo bendi zetu zina utaratibu. Mwalimu anafunga ngumi, vyombo vya kupuliza vinanyamaza, ngoma kubwa inaendelea peke yake, watu wanavishwa, wanapigwa picha. Mstari ukianza kutembea anafungua kiganja na wimbo unaendelea pale ulipoachwa. Bila hivyo wimbo ungeisha nusu ya watu wakiwa bado mlangoni. Nikafunga, Bakari akashikilia mwendo, mashada yakaisha, nikafungua. Sasa tulikuwa katikati. Wimbo mpana.

Mzee Ngonyani akaingia.

Sijui niielezeje sauti ile. Ilikuwa imetulia. Akina mama waliokuwa bado wamesimama kwenye njia walirudi nyuma wenyewe bila kuambiwa. Mstari wa wimbo ukaanza kupanda, na mimi nilikuwa namtazama shingoni, mahali pale juu ya kola panapoanza kukaza pumzi inapokaribia kuisha. Pakakaza mapema kuliko mazoezini. Baada ya kilele kulikuwa bado na mistari mingine ya wimbo, na mlangoni kulikuwa bado na wahitimu wengi wa kuingia. Pembeni ya jicho langu Jofrey alikuwa ameinua tarumbeta mdomoni. Macho yake yalikuwa kwangu. Alikuwa akingoja nimtazame, na nadhani alikuwa akiomba nisimtazame. Bakari naye alikuwa amekaza kirungu cha ngoma, tayari kuongeza mwendo nikimpa ishara ndogo tu.

Nilikuwa nimelifikiria jambo hili wiki nzima kwa kila upande isipokuwa huu.

Nikafunga ngumi.

Wahitimu walikuwa wanatembea, hakuna mzazi kwenye njia, hakukuwa na sababu yoyote ya kufunga. Lakini bendi imezoea mkono. Vyombo vyote vikanyamaza pamoja, katikati ya mstari, mahali ambapo mtunzi hakuandika hata mkato. Ikabaki ngoma. Wahitimu wakaendelea kutembea juu ya ngoma tupu. Mkuu wa chuo akageuza kichwa kunitazama. Mabega ya Mzee Ngonyani yakapanda polepole, yakajaa, naye akanitazama kwa namna ya mtu aliyepewa kitu ambacho hakukiomba na anapima kama atakichukua.

Nikafungua kiganja nikimwelekea yeye.

Akapanda mpaka kileleni, na bendi nzima ikapanda naye.

Mstari uliofuata ulipofika mahali palepale, nilifunga ngumi kabla shingo yake haijakaza, ili kusiwe na mtu, hata yeye, wa kusema kwamba ilihitajika. Mstari wa tatu sikuwa hata na haja ya kuwatazama: wapulizaji wote kumi na mmoja walivuta pumzi pamoja, na wahitimu walikwisha kuanza kuuweka mguu wao kwenye lile pigo la ngoma peke yake. Jofrey alizikunja zile nota nilizomnakilia akaziweka mfukoni, akarudi kwenye zake. Nami niliendelea kufunga na kufungua, kwa mwendo uleule wa taratibu, mpaka mhitimu wa mwisho alipokaa kwenye kiti chake.